Kabati la Juu na Ufunguo wa Dada

Mliniacha juma lililopita nimeduwaa kando ya barabara, natazama gauni langu kwenye dirisha la watu wengine.

Nasema langu, na nilikuwa hata sijalishona. Lilikuwa kichwani mwangu na kwenye kompyuta yangu, basi. Lakini Duka la Vioo, lile jipya la ng'ambo ya barabara, walikuwa wameshaivalisha sanamu yao, na mikunjo ya begani ni ile ile iliyoninyima usingizi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa magauni ya harusi. Wateja wananiita Bi Shela. Kazi zangu zote nazihifadhi mtandaoni, mahali ambapo wataalamu wanapaita kwenye wingu. Sisi karakanani tulipaita Kabati la Juu. Kila bibi harusi ana folda yake humo. Ndani ya folda kuna patani, yaani ile michoro ya kukatia, kuna vipimo, namba za simu za familia, na picha zake akiwa chumba cha kujaribia: mbele, ubavu, mgongo. Naviweka pamoja kwa sababu patani bila mwili wa mwenyewe hainisaidii kitu.

Nilipoliona gauni kwenye kioo cha watu nilimrukia mkataji wangu, ambaye sote tunamwita Mkasi. Alilijua neno la siri la Kabati. Nikamfukuza mbele ya wenzake, na matusi juu. Alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akasema, "Bi Shela, siku ukimjua mwizi wako usinitafute." Akaondoka.

Hapo ndipo tulipoachana. Ningependa kuwaambia kwamba aibu yangu iliishia pale pale.

* * *

Alhamisi asubuhi nilifungua kompyuta nitoe vipimo vya mteja tunayemwita Mwalimu. Nikaandika neno la siri. Kabati likakataa.

Nikaandika tena, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Likakataa.

"Labda umekosea," akasema mama wa pasi.

"Nitakosea vipi, mama? Si lile pale limeandikwa kwa chaki?"

Ndiyo, msomaji wangu. Kwa chaki. Ukutani, pembeni ya kioo kikubwa. Kila aliyefanya kazi kwangu aliingia Kabatini kwa neno hilo hilo: mkataji, mama wa pasi, bibi wa shanga, wote. Tulijiona familia moja, nani amfiche nani? Cheka kwanza, nitakusubiri.

Lakini mimi siku ile sikucheka. Sababu ni Mwalimu.

Mwalimu anafundisha watoto wa darasa la kwanza. Harusi yake ni Jumamosi hii. Siku ya kwanza alipokuja kupimwa alikataa kuvua blauzi. Nikadhani ni haya ya kawaida, nikamtania, "Mwalimu, mimi nimeona migongo mingi kuliko kinyozi alivyoona vichwa." Hakucheka. Alitia komeo mlango wa chumba cha kujaribia, akanipa mgongo, akavua.

Aliungua moto akiwa mtoto mdogo. Kovu linaanzia begani, linashuka mpaka kiunoni.

"Mchumba wangu anajua," aliniambia. "Mama yake ndiye hajui. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku nikiwa tayari. Sitaki alisikie kwa mtu."

"Atalisikia kwa nani?"

"Si utanipiga picha? Picha zina miguu, Bi Shela."

"Hizi hazina. Nazijua mimi, unazijua wewe. Tumemaliza."

Alinitazama kwenye kioo, akasema, "Haya, nimekuamini." Nikampiga picha. Nilizihitaji picha zile, kwa kuwa lesi ya mgongoni ilibidi ifuate kovu lenyewe, ishonwe nene pale ngozi ilipokunjamana na nyepesi pale ilipopona.

Sasa picha zimo Kabatini, Kabati limefungwa, na mimi sijui nani yuko ndani.

* * *

Nikamwita Waya, niliyekuwa nimepanga tangu jana yake kumleta achunguze wizi wa gauni.

Waya ni mwanamke wa makamo anayetengeneza kompyuta za mtaa mzima, na mdomo wake hautiwi sukari. Aliingia, akajitazama kwenye kioo, akaona chaki ukutani. Akavua miwani.

"Hili ndilo neno la siri?"

"Ndilo."

"Siri ya nani, ikiwa mteja akijitazama shingo analisoma?"

Nikameza mate. Akakaa, akabonyeza hapa na pale, akasoma taarifa iliyotokea kwenye kompyuta, akaguna.

"Hakuna aliyevunja mlango, Bi Shela. Mtu ameingia kwa neno lenu hili hili, halafu akalibadilisha. Jana."

"Mkasi!" nikaruka. "Si nilisema? Ni Mkasi huyo!"

"Mkasi ulimfukuza lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na ulipomfukuza ulibadilisha neno la siri?"

"Hapana."

Waya alivaa miwani yake taratibu. "Yaani umemwita mtu mwizi, halafu ukamwachia ufunguo."

"Atautumiaje ufunguo wakati hayupo hapa?"

"Kabati hili halina hapa, mama. Mtu akiwa na simu mkononi analifungua akiwa kitandani kwake. Haya, toa simu yako. Naomba namba za uthibitisho. Zikija kwako, unanisomea, tunaingia, tunamfungia nje."

Nikatoa simu, nikaiweka mezani. Tukaitazama. Simu ikakaa kimya kama imenuna.

"Namba yako inaishia na ngapi?" akauliza.

Nikamtajia.

"Basi hazijatumwa kwako." Akanigeuzia kompyuta. Kulikuwa na nyota nyingi, na mwishoni tarakimu mbili zimeachwa wazi.

Nikapiga makofi kwa furaha. Mama wa pasi alidhani nimeshikwa na wazimu.

"Hiyo namba ya dada yangu! Ee Mungu, ahsante. Dada ndiye aliyenifungulia hili Kabati zamani, nilikuwa sijui hata kuwasha kompyuta."

"Kwa hiyo kwa hesabu za wenye mtandao," Waya akasema, "mwenye Kabati ni dada yako. Wewe ni mpangaji."

"Ni dada yangu wa toka nitoke, Waya. Hakuna ubaya hapo."

"Sijasema kuna ubaya. Nimesema wewe ni mpangaji."

Sikumjali. Mnipime na mnihukumu mnavyotaka, lakini mjue Dada ni nani kwangu. Mama yetu alipofariki, Dada aliacha masomo yake ili mimi nimalize yangu. Cherehani yangu ya kwanza ilitoka mfukoni mwake. Mtu wa namna hiyo humwekei alama ya kuuliza.

"Endelea kujaribu," nikamwambia Waya. "Nafika kwake sasa hivi, nakupigia."

"Nitaziomba namba tena na tena. Zinakufa upesi hizi. Kimbia."

* * *

Nilimkuta Dada sebuleni kwake, kwenye makochi mapya ambayo hata nailoni hayajavuliwa. Siku hiyo hakwenda ofisini.

"Mdogo wangu! Mbona unahema hivyo? Umekula?"

Swali lake la siku zote. Nikakaa, nikamwagia kila kitu: Kabati limefungwa, neno limebadilishwa, namba zinatumwa kwenye laini yake ile ya zamani.

Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Laini ile? Imekufa siku nyingi. Simu ilianguka, laini ikaenda nayo."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Hata kadi yake sijui iko wapi. Achana na kikabati hicho, bwana. Fungua kingine, uanze upya. Mikono si unayo?"

"Dada, kuna kazi ya Jumamosi humo!"

"Kazi ni yako, utaikumbuka. Tulia, nikuletee maji."

Alikuwa ameanza kuinuka. Simu yake ilikuwa mezani katikati yetu, imelala chali. Ikatetemeka. Kioo kikawaka.

Wote wawili tuliusoma ujumbe kwa wakati mmoja. *Namba zako za uthibitisho ni.*

Mkono wake ulikwenda, wangu ukatangulia.

"Dada," nikasema, "ile laini marehemu imefufuka."

Alirudi kukaa, nailoni ikalia chini yake. Karakanani, Waya wa watu alikuwa anabonyeza tu, hajui amefanya nini.

Nilisubiri Dada aniambie kitu cha kunituliza. Maisha yangu yote amekuwa na kitu cha kuniambia. Nikaona anatazama mlango, halafu dirisha, halafu vidole vyake.

"Mwenye Duka la Vioo alinifuata," akaanza. "Alitaka mtu anayeijua kazi hii. Akanipa hisa."

"Hisa za nini? Wewe hujui hata kutunga uzi kwenye sindano!"

"Nina Kabati."

Alilisema hivyo hivyo, bila kupaza sauti.

"Ni langu, Dada."

"Nani alilifungua? Nani alikuwa anakaa Jumapili nzima kukupangia folda, wewe unalala? Halafu wale waandishi walipokuja kukuhoji, ulisema nini? 'Nimejijenga mwenyewe kwa mikono yangu hii miwili.' Nililisoma lile gazeti, mdogo wangu. Nikautafuta mkono wangu humo, sikuuona."

"Ungeniambia!"

"Ungesema Dada anadai malipo ya kulea."

"Na Mkasi? Nilipomdhalilisha yule mtu mbele ya watu, nilikupigia simu nikalia. Ukaniambia nimefanya vizuri!"

"Ningesema nini?"

"Na jana?"

"Jana uliniambia unamleta fundi wa kompyuta achunguze. Nikaogopa. Nikafunga."

Mtu baki akikuibia unapiga yowe majirani waje. Mimi mayowe yangu yote nilizoea kuyapeleka kwa huyu huyu aliyekaa mbele yangu. Nilimchukia pale pale, nikatamani anikumbatie, na nikajichukia kwa kutamani.

Halafu nikamkumbuka Mwalimu.

"Uliwapa nini hasa?"

"Magauni. Patani tu."

"Uliwapaje?"

"Niliwafungulia folda kubwa, watafute wenyewe wanachotaka."

"Folda kubwa ipi?"

"Ile inayobeba zote. Ningeanza kuwatolea moja moja hadi lini?"

Nikasimama. "Na picha, Dada?"

"Picha gani?"

"Picha za mabibi harusi! Ziko humo humo, kila mtu na gauni lake! Umewapa watu miili ya wateja wangu!"

Akaweka mkono mdomoni. Macho yakamtoka, yakajaa machozi. "Haki ya Mungu sikujua," akasema. "Nilikuwa siangalii mle, naangalia magauni tu. Wallahi, mdogo wangu, picha sikuzijua."

Alilia kilio kile nilichokisikia siku ya msiba wa mama. Na mimi nikamwamini.

Nikampigia Waya, nikamweleza kwa kifupi. Namba zile zilikuwa zimeshakufa, akaomba nyingine. Zilipoingia, Dada alizisoma yeye mwenyewe mpaka ya mwisho.

"Nimeingia," Waya akasema. "Folda kuu imegawiwa kwa Duka la Vioo. Nawatoa?"

"Watoe!"

"Wametoka. Namba ya simu nimeweka yako, na neno la siri jipya nitakunong'oneza sikioni, chaki uwaachie walimu. Ila sikiliza, Bi Shela. Mlango nimefunga, lakini walichokwisha kupakua kiko kwenye mashine zao. Huko mimi sifiki."

"Folda ya Mwalimu?"

Nikamsikia anabonyeza. "Imefunguliwa. Mara nyingi kuliko zote."

"Na nani?"

"Nipe muda nichunguze. Huyo dada yako, picha alizijua?"

"Hakuzijua. Ameapa."

Waya akaguna.

"Usinigunie!" nikamfokea. "Ni dada yangu."

Nilikata simu. Mwalimu alikuwa anakuja mchana ule kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Nilijua lazima nimwambie mimi kabla hajaambiwa na mtaa.

"Twende wote," Dada akasema, anajifuta uso kwa upande wa kanga. "Nitamwomba radhi mwenyewe. Kosa ni langu."

Nikamkumbatia. Ndiyo, nilimkumbatia, na najua kuna msomaji anayelipiga gazeti kofi sasa hivi. Huyo hana dada, au hajapata kumkosa.

* * *

Waya alitupokea mlangoni mwa karakana. Alimtazama Dada juu mpaka chini, kisha akaniinamia.

"Mwalimu amefika. Hayuko peke yake."

Chumba cha kujaribia kilikuwa wazi. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Kando yake, kwenye kiti changu, alikaa mwanamke mrefu mwenye mvi zilizosukwa vizuri, mkoba juu ya magoti. Sikuhitaji kuambiwa. Mchumba wa Mwalimu amechukua pua ile ile.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Bi Shela?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni mama wa bwana harusi. Mkunga mstaafu. Mkwe wangu hajui kwa nini nimemwambia anilete, kwa hiyo usimtazame hivyo."

Mwalimu alijaribu kunitabasamia. Nyuma yangu nilihisi Dada amesita kizingitini. Nikajua ni aibu, nikamwonea huruma.

Mama mkwe alifungua mkoba, akatoa simu, akatafuta kwa kidole, akaninyooshea.

Ilikuwa picha ya mgongo. Bega, kovu, kiuno. Kichwa hakimo, maana mimi hukata kichwa kwenye picha za mgongo, nikiamini kwamba nawasitiri wateja wangu. Nyuma yake kulikuwa na pazia la chumba hiki hiki tulichokuwemo.

"Picha hii umepiga wewe?"

Nikalitazama pazia. "Inaonekana ni ya hapa."

"Huyu ni nani?"

Mwalimu hakuwa anaiona picha kutoka pale alipokaa. Alikuwa ananitazama mimi. Aliponiona uso, akajua.

"Naambiwa ni mkwe wangu," mama akaendelea. "Niambie wewe uliyempiga picha. Ni yeye, au si yeye?"

Nikawaza haraka. Kichwa hakimo. Jina halimo. Neno moja tu linaweza kumwokoa, akabaki na siri yake mpaka siku atakayoitaka mwenyewe.

"Si yeye," nikasema.

"Ni mimi, mama," akasema Mwalimu.

Tulisema karibu pamoja.

Mama wa pasi, kule nje, alizima pasi. Nilisikia inavyopoa.

"Najua ni wewe, mwanangu," mama mkwe akasema, wala hakumgeukia. "Mimi nimezalisha wanawake maisha yangu yote, mgongo ulioungua sitautambua kwa mtu anayeogopa kuegemea kiti? Sikuuliza ili nijue. Nimeuliza nimwone fundi wako atanijibu nini."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeokota uongo kumwokoa mtu, na mtu mwenyewe ameniacha nao mkononi.

Mwalimu alisimama. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

"Ulisema unazijua wewe na mimi," akaniambia. "Nilitaka kumwambia mwenyewe. Nilikuwa nimeshapanga na maneno."

"Mwalimu, nisikilize, kuna mtu…"

"Umeipata wapi, mama?" Alinipita kama sipo.

"Nimetumiwa leo asubuhi, na mtu nisiyemjua. Na namba yangu ya simu, mkumbuke, niliiandikisha hapa tu kupitia mkwe wangu, kwa ajili ya gauni lake." Akabonyeza tena. "Hakuandika. Alituma sauti. Sikilizeni."

Akaweka simu juu ya kiganja. Sauti ikatoka, laini, ya upole, ya mtu anayejua kuongea na wakubwa.

"*Shikamoo, mama. Hunijui, lakini nakutakia mema. Tazama huyo Bi Shela wenu anavyowaanika wateja wake. Na huyo mkwe mnayemwingiza nyumbani, ameshawaonyesha mgongo wake? Nilidhani mnapaswa kujua kabla ya Jumamosi. Mkihitaji fundi anayetunza siri za watu, Duka la Vioo wako ng'ambo ya barabara. Harusi njema, mama.*"

Sauti ile iliniimbia nilipokuwa na homa. Iliniita nyumbani jioni nikiwa nacheza barabarani. Asubuhi ile ile ilikuwa imeniapia kwa jina la Mungu, *picha sikuzijua*, na mimi nimeifuta machozi kwa mkono wangu.

Alizijua. Aliipekua folda mpaka akapata namba ya mama wa watu. Aliituma picha kwanza, ndipo akakaa kwenye makochi yake kunisubiri, akaniuliza kama nimekula. Hakuwa anataka magauni yangu tu. Alitaka nisibaki na mteja hata mmoja anayeweza kunivulia blauzi.



"Bi Shela." Ni Mwalimu. "Unaijua hiyo sauti?"

Nikahisi vidole vinanishika kiwiko kutoka nyuma, vinanibana. Dada alikuwa amesogea, amejificha mgongoni kwangu. Tangu tuingie hakuwa ametoa hata kikohozi.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikilisema, nampoteza mtu pekee niliyebaki naye duniani. Nikilimeza, nampoteza Mwalimu, na ninastahili.

Nikafungua mdomo. Lakini mama mkwe alikuwa amenyanyua macho, anatazama juu ya bega langu.

"Na huyu uliyekuja naye ni nani? Ameingia, amesimama muda wote huu, na salamu yake sijaisikia."

Vidole vikaniingia nyamani.

"Binti," mama mkwe akasema, "mimi ni mkubwa kwako. Nisalimie."

Mwalimu akageuka kumtazama Dada. Waya, mlangoni, akavua miwani. Dada aliinamisha kichwa, midomo imebana. Mama mkwe aliweka simu yake juu ya meza ya kukatia, akakunja mikono, akasubiri.